Kanali anataka majina ya wagonjwa wangu, na wanajeshi wameanza kutoroka

Anti, habari yako. Mimi ni mwanasaikolojia wa miaka 41, na tangu mwaka jana ndio mkuu wa idara ya afya ya akili kwa kituo kimoja hapa Nairobi kinachohudumia wanajeshi wastaafu na familia zao. Jina la kituo nakuomba tuliache. Niko na makaunsela wanne, nesi mmoja wa afya ya akili, na daktari wa akili ambaye huja siku mbili kwa wiki. Wengi tunaowaona walienda Somalia, kuna wa Linda Nchi, ile operesheni ya jeshi letu ya 2011, kuna wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, kuna walionusurika El Adde, kambi yetu iliyovamiwa na al-Shabaab Januari 2016, na kuna ambao hawakuwa huko lakini walizika marafiki waliotoka huko. Pia kuna wazee waliolinda amani Yugoslavia na Sierra Leone, hawa huja kwa sababu ya presha na magoti, ukikaa nao kidogo ndio unasikia hawajalala vizuri miaka na miaka.

Hii kazi naipenda Anti, nataka ujue hivyo kwanza. Lakini saa hii nimefika mahali sijui nishike wapi niache wapi.

Mwenyekiti wa bodi yetu ni kanali mstaafu, mtu mzuri, anaheshimika, na bila yeye hicho kituo hakingekuwepo, juu yeye ndiye alizunguka maofisi akitafuta pesa. Sasa kila mwisho wa mwezi ananiambia nimpelekee orodha ya waliokuja, majina yao, batalioni waliyotoka, na kila mmoja shida yake ni gani. Nikimwambia hiyo ni siri ya mgonjwa ananijibu "daktari, hawa ni vijana wangu, niliwaongoza, siwezi kusaidia mtu simjui." Nimekuwa nikimpa hesabu tu bila majina na kila mwezi anakasirika zaidi, na sasa ameiweka hiyo maneno kwa ajenda ya kikao cha bodi kinachokuja.

Halafu kuna uvumi umeshatoka nje. Koplo mmoja alikuwa matangani, mtu akamwambia mbele ya watu "nasikia siku hizi unaonwa na daktari wa vichwa." Hatujui ilitoka wapi, inaweza kuwa ni mtu alimwona tu akipanda ngazi zetu, lakini habari ilizunguka kwa magrupu yao ya WhatsApp, ati kila kitu unasema huko kinafika kwa wakubwa, ati pensheni yako itaguswa, na wale walioajiriwa na makampuni ya ulinzi wakaogopa bosi akisikia atawafuta. Tangu hapo tunaita watu hawashiki simu. Mtu anakuja mara moja, akijikaza mara mbili, halafu kimya.

Koplo mwenyewe aliacha kuja, na wiki chache baadaye akajaribu kujitoa uhai. Mke wake alimpata mapema, asante Mungu yuko hai, alilazwa na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kaunsela aliyekuwa akimwona ni msichana mdogo, ana kipawa cha hii kazi, sasa ameniletea barua ya kuacha. Wenzake nao kila wiki kuna mmoja mgonjwa. Na bodi inauliza mbona vikao vimeshuka, juu wafadhili wanapima kazi yetu kwa idadi ya vikao.

Mimi mwenyewe silali. Nilipeana namba yangu kwa kila mgonjwa nikawaambia ukizidiwa nipigie saa yoyote, na wanapiga kweli, saa nane usiku, saa kumi alfajiri, na siwezi kuzima juu naogopa nitaamka nisikie mabaya. Mume wangu ananivumilia lakini naona amechoka.

Na kuna hii ingine. Mimi ni raia, sijawahi kuvaa kombati, tena mwanamke. Wananiita madam kwa heshima lakini naona macho yao yakiniuliza utajua nini wewe.

Nimpe Kanali hayo majina ndio idara iishi? Ama niachie kiti mtu aliyekuwa jeshi? Na hao waliotoroka nitawarudisha vipi?

Madam, Nairobi West

JIBU

Madam dada yangu, usimpe. Hata jina moja, hata kwa sikio, hata la mtu amepona. Umefanya vizuri kukataa mpaka leo na kwa kikao utakataa tena, lakini safari hii usiende na kukataa peke yake, uende pia na kitu cha kumpa huyo mzee, nitakueleza.

Sheria iko upande wako. Katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, haiwezi kuzungushwa kwa bodi kwa sababu mwenyekiti ana moyo mzuri. Beba hiyo kwa karatasi, mpe na katibu wa bodi mapema. Lakini nakuambia ukweli, sheria haitamgeuza mtu ameongoza wanaume vitani. Ataiona kama karani anamzuia asifikie watu wake. Yeye bado anabeba hao vijana, na ukisoma vizuri hiyo sentensi yake, "siwezi kusaidia mtu simjui", huyo ni mtu anaumia. Kwa hivyo mtafute kabla ya kikao, mkae wawili, na umwambie kitu kama hiki: Afande, hawa watu wamekuwa kwa mfumo ambao mkubwa anajua kila kitu kuwahusu, na wanaogopa kuonekana wadhaifu mbele ya mkubwa kuliko mbele ya mtu yeyote, na wewe ndiye mkubwa. Siku wakijua unasoma majina, wataacha kuja. Siku wakisikia kwa mdomo wako kwamba hutawahi kuyasoma, watarudi.

Halafu mpe kazi. Arekodi sauti, dakika moja tu, yeye mwenyewe, aseme mimi kanali fulani, mwenyekiti wa kituo, sioni majina, sitaona majina, bodi haioni, pensheni haiguswi na hakuna mwajiri anapewa habari, nendeni mkasaidiwe. Hiyo iingie kwa magrupu hayo hayo uvumi ulizungukia. Hakuna bango wala semina utafanya ikashinda hiyo sauti. Mtu aliyetaka orodha ndiye anaweza kuua hofu ya orodha, na nadhani akiielewa hivyo ataifanya, juu ni kazi ya kiongozi na yeye amekuwa kiongozi maisha yake yote. Ila kabla arekodi, hakikisheni ni kweli, yaani bodi ipitishe azimio liandikwe. Usimruhusu aahidi kitu hakijapitishwa.

Hii shida si yenu peke yenu. Marekani, baada ya Vietnam, wanajeshi walikuwa hawataki kukanyaga hospitali za serikali, waliona ni serikali ile ile iliyowapeleka vita. Wengine tangu 1970 huko New York walikuwa wameanza kukutana wenyewe kwa vikundi, wakiongea na madaktari wa akili wachache waliokubali kukaa nao kama wasikilizaji. Mwaka 1979 ndio serikali ikaanzisha vituo vinaitwa Vet Center, vikawekwa nje ya hospitali, mtaani, kwa majengo ya kawaida, na wengi wa makaunsela wakawa ni watu waliopigana vita hiyo hiyo. Mpaka leo faili za hivyo vituo zinakaa mbali na faili za hospitali za wanajeshi wastaafu na hazitolewi bila ruhusa ya mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1980, ndio ugonjwa wa mshtuko wa baada ya tukio baya kama vita, ile PTSD, ukaingia rasmi kwa kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, na hao wanajeshi kupiga kelele kulichangia sana. Angalia mfuatano wa hayo mambo, dada. Watu waliongea kwanza mahali walipojisikia salama, matibabu yakafuata.

Sasa nyumba yako ndani. Angalia ngazi, angalia mlango, angalia nani anaweza kufungua faili. Kwa kadi ya mgonjwa tumia namba, jina likae kwa daftari moja lililofungiwa na wewe na mtu mwingine mmoja. Habari ya mgonjwa isipite kwa WhatsApp hata kati yenu wafanyakazi, hata mkiandika herufi za kwanza za jina, hiyo nimeona ikiumiza watu nikiwa nesi wa wadi ya akili kabla nianze kujibu hizi barua. Msafishaji, dereva, mtu wa mapokezi, wote waweke sahihi ya kutunza siri na waelezwe ni kwa nini. Kama kuna idara ya presha na magoti kwa jengo hilo hilo, wagonjwa wako wapitie mlango huo huo na wangoje kwa viti hivyo hivyo, asiwepo mtu wa kusema huyu amepanda ngazi za wazimu. Na siku ya kwanza kabisa mgonjwa aambiwe siri inaishia wapi: tukiona maisha yako ama ya mwingine yako hatarini tutaita msaada, na tutakuambia kabla tufanye hivyo kama inawezekana. Mwanajeshi anaheshimu mpaka ulio wazi. Akiahidiwa siri isiyo na mwisho halafu siku moja ivunjwe, hatarudi na atawaambia wenzake.

Koplo. Hapa nataka usimamishe kila kitu kingine kwanza, juu wiki na miezi ya kwanza baada ya mtu kutoka hospitali kwa sababu ya kujaribu kujitoa uhai ndio hatari kubwa kabisa. Usingoje apone aibu ndio akutafute. Kulikuwa na daktari wa San Francisco anaitwa Jerome Motto, yeye mwenyewe alikuwa mwanajeshi Vita vya Pili vya Dunia na hakusahau vile barua kutoka nyumbani zilimshikilia. Alichukua watu zaidi ya 800 waliotoka hospitali na wakakataa kuendelea na matibabu, nusu yao akawa anawaandikia barua fupi, tunatumai uko salama, ukitaka kutuandikia tutafurahi, basi, bila kuwaitisha kitu, bila kuwauliza mbona hukuja kliniki. Miaka miwili ya kwanza waliopata barua walikufa kwa kujiua kidogo kuliko wale hawakupata. Barua tu. Wewe una SMS. Muulize kwanza kama ni sawa kumtumia na kwa namba gani, juu simu inaweza kushikwa na mtoto, halafu andika kitu cha mtu kwa mtu, "Koplo habari, tulikukumbuka leo, si lazima ujibu." Hiyo iendelee mwaka mzima kwa ratiba, iandikwe kwa kalenda ya idara, isiachiwe moyo wa mtu mmoja kukumbuka.

Akikubali kuonana, mtengeneze naye mpango wa usalama kwa maneno yake mwenyewe: dalili gani zinamwonyesha giza linakuja, kitu gani humtuliza, nani anaweza kumpigia, hospitali gani yuko tayari kwenda, na vitu vya hatari nyumbani, zile dawa za shamba na rundo la vidonge, vikae na nani. Mke wake ahusishwe kama mwenyewe anakubali. Wake zao ndio wanabeba hii kitu usiku, na nashangaa huduma nyingi humkumbuka mke siku ya mazishi tu. Waambie pia, juu watu wengi bado wanaogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Familia isichelewe kukimbiza mtu hospitali kwa kuogopa atafungwa.

Huyo kaunsela msichana, usipokee barua yake wiki hii. Mpe likizo, mtafutie mtu wa nje ya kituo wa kuongea naye, halafu mkae idara nzima mpitie kilichotokea kwa koplo bila kutafuta wa kulaumiwa, mkiuliza mfumo wetu ulimwacha wapi. Mtu akiacha kuja, ni nani anampigia, baada ya siku ngapi, na asiposhika simu nini kinafuata? Hayo maswali yakikosa jibu kwa karatasi, kila kaunsela atadhani jibu lilikuwa yeye. Na kila wiki wapate usimamizi wa kitaalamu, saa yao kabisa, na mtu ambaye si wewe, juu wewe ndiye unawaandikia ripoti ya kazi na mtu hawezi kulia vizuri mbele ya anayemwandikia ripoti. Angalia pia nani anabeba hadithi nzito. Mara nyingi kaunsela mmoja mzuri hurundikiwa wote wa El Adde mpaka anavunjika. Gawanyeni.

Simu yako sasa. Izime usiku. Najua hapo moyo umeruka, lakini idara inayotegemea mwanamke mmoja asiyelala haijamlinda mgonjwa, siku utaugua watapiga nani? Weka zamu, laini moja ya kituo, kila mtu usiku wake na analipwa, na kwa kadi ya kila mgonjwa iandikwe pia 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ambayo haina malipo. Waeleze wagonjwa mwenyewe, ana kwa ana, kwamba kuanzia tarehe fulani laini ni hii na atakayeshika anajua kazi. Watanung'unika kidogo. Halafu rudi nyumbani ukae na mume wako, na wewe pia tafuta kaunsela wako, hiyo sikuombi, nakuambia kama dada mkubwa.

Umeniuliza uachie kiti mtu wa jeshi. Hapana. Lakini macho yao yanakuambia kitu cha kweli, wanahitaji mtu aliyekuwa huko, kwa hivyo waajiri. Tafuta wastaafu waliopitia hili wakasimama, wachache tu, wawe wasaidizi wa wenzao, wapate mafunzo, walipwe mshahara wa kueleweka maana hii si kazi ya soda na nauli, na wao pia wawe na usimamizi juu hadithi za wenzao zitaamsha zao. Angalia tu asiwe aliyekuwa mkubwa wa huyo mgonjwa, ama wa kikosi kimoja, mpaka mgonjwa mwenyewe aseme ni sawa. Na usisahau wanawake waliovaa hizo kombati, wengine wameumizwa na watu wa upande wao na hawatasema mbele ya kikundi cha wanaume, wape mlango wao.

Mlango mwingine ambao huwa unafunguka ni usingizi. Mwanaume hatasema nina huzuni lakini atasema silali, kichwa kinauma, masikio yanapiga filimbi tangu ule mlipuko. Anzia hapo, na muulize juu ya milipuko kweli, maana wengine ubongo ulitikiswa na hakuna aliyewahi kuwapima. Kuna matibabu ya kukosa usingizi yasiyo ya vidonge, yanafundishika, makaunsela wako wanaweza kuyajua. Angalia pia nani anapewa zile dawa za usingizi za jamii ya diazepamu miezi nenda rudi, kwa PTSD miongozo ya Marekani ya wanajeshi inashauri zisitumike, ongea na daktari wako, na mtu asikatishwe ghafla. Pombe nayo msiifanye kizingiti, hii ya kumwambia mtu acha kunywa kwanza ndio urudi tutibu vita, wengi hawarudi. Tibuni pamoja.

Na kuna ambao shida yao kubwa si woga. Ni kitu alifanya, ama aliona kikifanywa, ama rafiki alimwita akashindwa kumfikia. Huyo ana jeraha la dhamiri, ukimfundisha kupumua tu ataona hujamsikia. Anahitaji kusema yote mbele ya mtu hatageuza uso, na wengine wanahitaji padri wao ama imamu pia. Wape muda. Hapo ndipo vikao vinakuwa virefu na hesabu ya mwezi inashuka, na hapo ndipo kazi yenyewe iko.

Ndio maana nataka uende kwa bodi na hesabu zingine. Wangapi wamerudi mara ya tatu. Mtu anangoja siku ngapi kutoka simu ya kwanza mpaka kuonwa. Wangapi walioacha wamefuatwa. Alama za ile fomu ya maswali tisa ya depresheni, PHQ-9, ambayo iko kwa Kiswahili, zilikuwa ngapi akiingia na ngapi baada ya miezi mitatu, za wote kwa jumla bila jina. Mfadhili akiona hizo alama zinashuka, yaani watu wanapata nafuu, ataelewa, na Kanali ataona vijana wake wanapata nafuu ingawa hajui ni nani. Mwonyeshe hiyo karatasi yeye wa kwanza kabla ya bodi.

Na wewe mwanajeshi mstaafu unayesoma hii barua ya madam, hata kama si kituo chake, piga 1199. Si lazima useme cheo chako.